Springi za Gari la Bibi

Siku yangu ya kwanza kazini umeme ulikuwa umekatika. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2008, na waliokuwa Johannesburg miezi ile wanakumbuka jinsi umeme ulivyokatwa kwa zamu, leo mtaa huu, kesho ule, hata roboti, yaani taa za kuongozea magari, zikazimika na madereva wakawa wanapishana kwa ishara za mikono. Nilitoka Berea kwa miguu, nikalivuka jiji hadi upande wa kusini, kwenye karakana ya matofali mekundu yenye bomba refu la moshi. Mlangoni nilimkuta Mkuu wa Karakana amekalia ndoo iliyopinduliwa, akisoma mchoro kwa mwanga wa jua. Alisimama kunisalimu. Nilidhani atanipa kalamu na karatasi, lakini alinipa kipande cha chuma kilichovunjika.

"Hiki kimetoka kwenye gari lililotengenezwa kabla baba yangu hajazaliwa," alisema. "Kiangalie pale kilipovunjika, halafu uniambie unaona nini."

Nilikuwa mgeni katika nchi ile, lakini si katika kazi. Nyumbani Tanzania nilikuwa mchoraji wa mitambo katika karakana ya reli kwa miaka mingi, mpaka watu walipopunguzwa. Mume wangu alikuwa amekwisha kufariki. Binti yangu Neema, ambaye ni msusi, akaniita nije kukaa naye Berea, katika fleti tuliyoshirikiana na familia nyingine. Nilikuja nikidhani nakuja kupumzika. Baada ya miezi kadhaa ya kutazama ukuta wa jirani kupitia dirishani, nilitamani meza ya kuchorea kama mtu anavyotamani chakula cha kwao.

Nikakigeuza kile kipande. Upande mmoja wa mvunjiko ulikuwa laini, una mistari myembamba iliyopinda kama ya gamba la kombe. Upande wa pili ulikuwa na chembechembe. Nikamwambia kwamba chuma hiki hakikuvunjika siku moja. Kilianza kupasuka kwenye mkwaruzo wa pembeni, ufa ukatambaa taratibu, na siku ya mwisho sehemu iliyobaki ikashindwa kubeba.

"Na huo mkwaruzo umetoka wapi?" aliniuliza.

"Sijui."

"Ni alama ya koleo la mhunzi. Mtu alikishika vibaya kikiwa cha moto, na gari likaja kuvunjikia njiani miaka mingi baadaye." Akakipokea kipande chake. "Chuma nacho huchoka, Mama. Kazi yetu hapa ni kukichelewesha kuchoka. Utaanza leo."

Niwaeleze wajukuu zangu, kwa sababu wengi wenu mnazijua springi za mviringo tu. Springi ya majani ni vipande vya chuma bapa, vilivyopindwa kidogo kama upinde na kupangwa kimoja juu ya kingine, kirefu kikifuatiwa na kifupi zaidi. Kila kipande huitwa jani. Lile refu kuliko yote ndilo jani kuu, nalo ncha zake hukunjwa zikawa masikio, ambamo hupita pini za kuishikiza springi kwenye gari. Magari ya mwanzo hayakuwa na shokabzoba. Yalipita barabara za udongo kwa magurudumu membamba, na kitu pekee kilichosimama kati ya shimo na mgongo wa abiria kilikuwa yale majani. Karakana yetu iliyatengenezea springi mpya magari ya namna hiyo, ambayo wenyewe waliyatunza gereji wiki nzima na kuyatoa Jumapili.

Aliyenidokeza kazi ile alikuwa mhunzi wa hapo, Papa Ilunga, tuliyesali naye kanisa moja. Yeye ni Mkongo wa Kalemie, mimi ni mtu wa Kigoma, kwa hiyo tulikuwa tumekulia kwenye kingo mbili za ziwa moja. Alikuwa mjane kama mimi, mpole kanisani, ila karakanani alikuwa mbishi kupita kiasi. Mchoro wangu wa kwanza alioupokea aliushika kwa ncha za vidole.

"Mama Neema, hii haiko springi, iko karatasi," alisema. "Majani nyembamba hivi, mi nitapiga nini? Nikipiga moja, itaruka mpaka Hillbrow."

"Mkuu ameukubali, Papa."

"Mkuu hapigi nyundo."

Alipiga, hata hivyo, na alipiga vizuri. Nilizoea kusimama karibu na tanuri kumtazama akilipinda jani jekundu juu ya kalibu, akilikandamiza bila kulijeruhi, huku akiimba nyimbo za kwao kwa sauti ya chini.

Katikati ya mwaka ule wageni walishambuliwa katika vitongoji kadhaa. Papa Ilunga alikuwa amepanga chumba katika kimojawapo, Diepsloot, nyuma ya spaza, duka dogo la mtaani. Asubuhi moja alifika kazini na begi moja, viatu vyake havifanani. Duka lilikuwa limevunjwa na chumba chake kimechomwa. Mkuu wa Karakana hakumuuliza maswali. Alipanda ghorofani, akaanza kuhamisha makopo ya rangi kutoka chumba cha stoo kwa mikono yake mwenyewe, na mchana ule kitanda kikaletwa. Kuanzia siku ile nilipokuwa nikijifungia chakula changu cha mchana, nilifunga na cha pili. Mara ya kwanza nilimletea dagaa wa ziwani, niliowapata kwa Mrundi mmoja anayewauza sokoni. Papa Ilunga alifungua kopo, akanusa, akageuza uso ukutani. Nikarudi mezani kwangu nikajifanya nina kazi ya haraka.

Kwa Mkuu wa Karakana nilijifunza mambo ambayo reli haikunifundisha. Behewa hubeba mizigo, na mizigo hailalamiki. Gari dogo la zamani hubeba watu. Alinifundisha kwamba jani likiongezwa unene maradufu, ugumu wake hauwi maradufu, unakuwa mara nane. Na lile jani nene, likipindwa kiasi kilekile, ngozi yake huumia zaidi kuliko ya jembamba. Ndiyo maana springi ya majani mengi membamba hudumu na huwa laini, ilhali ile ya majani machache manene humrusha abiria na mwishowe huvunjika. "Lakini kila jani unaloongeza," alikuwa akisema, "ni msuguano mwingine umeongeza. Hakuna cha bure humu."

Mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia kuchezwa nchini, alikuja mteja ambaye tulimwita Mwalimu, kwa kuwa ndiyo kazi aliyostaafu. Alikuwa mwembamba, amevaa tai. Alikuwa na gari la marehemu baba yake, moja ya yale ya mwanzo kabisa, lenye viti vya ngozi na taa za shaba. Springi zake za mbele na nyuma zilikuwa zimebadilishwa na karakana nyingine, zikawa ngumu kama benchi.

"Nataka ziwe laini," alisema, "kuliko gari lolote mlilowahi kulishughulikia."

Mkuu alimuuliza sababu. Mwalimu alitazama kwanza kofia aliyoishika mkononi. Mkewe alikuwa mgonjwa wa mifupa ya mgongo, na madaktari walikuwa wamekwisha kuwaambia ukweli. Gari lile ndilo lililompeleka akiwa bibi harusi kwenye shamba la mipichi la familia ya mumewe, chini ya milima ya Magaliesberg. Alitaka kwenda huko tena, na kwa gari lilelile. Mwalimu alikuwa amemwambia kwamba gari la kisasa lingekuwa rahisi zaidi. Mkewe akamjibu kwamba rahisi sicho alichoomba.

Nilishika penseli. Mkuu akanipokonya, akaiweka chini.

"Usichore kwanza," aliniambia. "Nenda kauone mzigo."

Basi nikaenda nyumbani kwao, kwenye mtaa wa majakaranda. Mke wa Mwalimu, ambaye sote tulimwita Bibi, alikuwa amelala kwenye kochi karibu na dirisha, nywele nyeupe zimechanwa vizuri. Nilimwambia mimi ndiye ninayechora springi zake, na nilihitaji kujua ni mwendo gani unaomuumiza.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo," alisema. "Wote huuliza panauma wapi." Akafikiri. "Shimo kubwa haliniumizi sana. Ninaliona linakuja, najiandaa. Ni ile mitetemo midogo, dada. Ile haiachi nafasi hata ya kuvuta pumzi."

Nikarudi na neno hilo. Mitetemo midogo hutokana na majani yanayosuguana makavu: yanakwama, yanaachia, yanakwama tena, na barabara yote inapita moja kwa moja hadi kwenye kiti. Springi ya Bibi ilipaswa kuwa ya majani mengi membamba, yenye ncha zilizonolewa zikapungua unene, yakilainishwa kwa grisi isiyotoka. Ili grisi ikae, Mkuu alikumbuka jinsi madereva wa zamani walivyokuwa wakizivika springi mifuko ya ngozi iliyofungwa kwa kamba, kama kiatu. Alimwagiza Papa Ilunga apige majani, akaniagiza mimi nishone mifuko.

Papa Ilunga aliupokea mchoro, akahesabu majani kimoyomoyo, akaniangalia.

"Karatasi tena," alisema.

"Karatasi tena, Papa. Ni kwa ajili ya mama mgonjwa."

"Bon, sawa." Akachukua koleo lake na kulilainisha meno kwa tupa, ili lisiache alama.

Mkuu alikuwa na sheria moja asiyoivunja: mchanga kwanza, watu baadaye. Springi zilipokuwa tayari tulizifunga, tukapakia magunia ya mchanga yenye uzito wa abiria, na gari likazungushwa kwenye barabara mbovu nyuma ya kilima cha vumbi la mgodi, siku baada ya siku. Lilielea vizuri. Tukaanza kutabasamu. Kisha mchana mmoja gari likarudi limeinama upande wa nyuma. Tulipofungua mfuko wa ngozi tulikuta jani la pili limekatika katikati, penye tundu la bolti inayoyaunganisha majani yote. Jani jembamba halivumilii tundu. Ukilitoboa, umelionyesha pa kuvunjikia.

Mwalimu alikuwepo. Alisimama kando ya gari, mkono juu ya taa ya shaba.

"Mke wangu amelazwa tangu juzi," alisema. "Nipeni ya safari moja tu. Si lazima idumu. Ikivunjika tukirudi, sitawadai kitu."

Nilimtazama Mkuu. Alilitazama jani lililokatika, kisha akamtazama Mwalimu usoni.

"Springi ya safari moja," alisema mwishowe kwa upole, "haijui safari ni ipi. Inaweza kuvunjika unakwenda, naye yumo ndani. Siwezi kukupa hiyo, Mwalimu. Nisamehe."

Mwalimu aliondoka bila kuaga. Kesho yake simu ya karakana ililia, nikaipokea mimi. Sauti ilikuwa nyembamba, ya hospitalini.

"Mume wangu amekuja kuwaharakisha, nimesikia," Bibi alisema. "Msimsikilize. Fanyeni mnavyofanya siku zote. Mimi nitasubiri."

Niliweka simu chini, nikatoka uani. Papa Ilunga akatoka, akasimama karibu nami, akisubiri nimwambie. Nikamwambia. Akajifuta uso kwa kitambaa chake cheusi cha masizi na kujipaka masizi zaidi.

"Kule Kalemie," alisema, "mabehewa ya zamani sana, majani yake haikuwa na tundu. Ilikuwa na kitu kama kitovu. Hata ya reli ya kwenu. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimevichora vitovu vile nikiwa msichana, nikidhani ni ujinga wa wazee waliokosa mashine ya kutoboa. Badala ya tundu, unalifinya jani katikati likiwa la moto, likatoka kinundu upande mmoja na kishimo upande wa pili. Kinundu cha jani moja hukaa katika kishimo cha jani linalofuata, halafu bangili nene ya chuma huvishwa katikati na kubana yote pamoja. Hakuna kilichokatwa. Tulikwenda kwa Mkuu pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi mnasubiri nini?"

Haikwenda moja kwa moja. Majani ya kwanza yalikuwa ndani ya tanuri la umeme, yakikaribia kutolewa na kuzimwa kwenye mafuta ili yawe magumu, ndipo nyaya za mtaa wetu zikaibiwa na umeme ukapotea. Yakapoa humo humo taratibu. Ungeyaangalia ungeona hayana kasoro. Lakini chuma kikirudishwa motoni mara ya pili ngozi yake hupoteza nguvu, na jani jembamba ni ngozi karibu lote. Mkuu aliyatoa mwenyewe, akayatupa kwenye chuma chakavu. Papa Ilunga akawasha tanuri la makaa na kuanza upya.

Wakati yeye akipiga, mimi nilishona. Ngozi ilikuwa ngumu kwa vidole vyangu, na siku za mwisho alikuwa akimaliza nyundo anakuja kukaa upande wa pili wa meza kunivutia uzi. Alivuta taratibu, akiogopa kuukata.

Gari lilibeba mchanga nyuma ya kilima cha mgodi mpaka Mkuu akaridhika, na Mkuu hakuwa mtu wa kuridhika mapema. Bibi alikuwa ametoka hospitali, amepungua hadi nikaogopa kumshika mkono. Asubuhi ya safari Mwalimu alimbeba kutoka mlangoni, akamkalisha kwenye kiti cha ngozi, akamzungushia mito. Kisha akamfunika blanketi, akalichomeka kila upande, akalichomoa, akalichomeka tena vizuri zaidi. Mimi nilikaa nyuma kusikiliza springi. Papa Ilunga alitufuata na pikapu ya karakana, amebeba vifaa.

Tulikwenda polepole, Mwalimu akiendesha. Lami ilipoisha nikashika kiti, nikausubiri ule mlio mkavu ninaoujua. Haukuja. Gari lilipanda na kushuka, likipumua tu. Bibi alikuwa akitazama vilima, akionyesha kitu hapa na pale kwa kidole. Baada ya muda kichwa chake kiliegemea mto, akafumba macho. Mwalimu akageuka kunitazama, rangi imemtoka usoni. Nikainama mbele, nikaona blanketi likipanda na kushuka.

"Amelala," nilimnong'oneza.

Alipunguza mwendo zaidi. Tulipofika shambani, mipichi ilikuwa imechanua maua ya rangi ya waridi kila upande. Mwalimu alizima injini na hakumwamsha. Watu wa shamba walianza kutoka kutupokea, akawainulia mkono wasubiri. Nilishuka bila kugusa mlango kwa nguvu, nikawaacha wamekaa.

Walibaki shambani wiki nzima. Mimi nilirudi na Papa Ilunga kwenye pikapu, ambayo springi zake zilikuwa mbaya kweli. Tulikuwa tumefika barabara kubwa aliposema, macho yake yako mbele:

"Umeona vile alimfunika?"

"Nimeona."

"Mi nikizeeka, nani atanifunika vile, Mama Neema?"

Nilimwambia kwanza aangalie roboti, ilikuwa nyekundu. Aliiangalia. Ilipokuwa kijani hakuondoka, mpaka gari la nyuma likapiga honi.

Bibi alifariki miezi michache baadaye. Mazishini Mwalimu alinishika mikono yote miwili. "Unajua hakuwa amelala siku ile?" aliniambia. "Alikuja kuniambia mwenyewe. Alisema hakuwa na maumivu, na alijua akifumbua macho tutamtoa garini." Alicheka na kulia kwa pamoja, na mimi vilevile. Gari lile aliendelea kuliendesha, na kila mwaka alilileta tuongeze grisi. Majani yale hayakuwa yamevunjika mpaka siku niliyoondoka kazini.

Mkuu wa Karakana alistaafu, nafasi yake ikachukuliwa na Meneja, mwanamke kijana mwenye akili ya haraka, aliyeleta kompyuta ya kuchorea. Alikuwa akikuna kichwa na kusema, "Eish, Mama, bonyeza hapa tu," nami nikabonyeza, nikaipenda mashine ile kuliko nilivyotarajia. Yeye naye alinisikiliza. Nilimfundisha kwenda kuuona mzigo kabla ya kuchora, akaanza kuwatembelea wateja. Mwaka 2014 macho yangu na bega la Papa Ilunga vilituambia inatosha. Sote wawili tuliaga kazi siku ileile.

Mnaniuliza kama ninajuta kuchora springi za magari ambayo hayapiti tena barabarani. Sijuti. Nilifanya kazi na watu waliokataa kutoa kitu kibovu hata walipoombwa kwa machozi, na kazi ile ilinipa heshima wakati ambapo katika jiji lile kuitwa mgeni kulikuwa hatari. Kama mtapata mkuu wa namna ile, kaeni naye. Mkichoka, chokeni taratibu.

Neema hakufurahia habari yangu na Papa Ilunga. Alimwita "huyo mzee wako," na kwa majuma kadhaa akawa akinipa majibu mafupi. Sikumlaumu, alimpenda sana baba yake. Lakini jioni ya kuamkia ndoa yetu alifunga saluni mapema, akaniketisha kwenye kiti chake cha kazi na kunisuka mwenyewe, mstari baada ya mstari, vidole vyake vyepesi kuliko siku zote. Nilikaa nimeinamisha kichwa, nikisubiri aseme alichonacho. Alipofika kwenye msuko wa mwisho, akausuka hadi mwisho wake, akanipangusa shingo kwa taulo.

"Mama," alisema, "Papa anakunywa chai ya maziwa au ya rangi? Kesho asubuhi nisije nikamkosea."